Gari litalala wapi?

Familia inaponunua gari la kwanza, mazungumzo mengi huwa ya bei, mafuta na vipuri. Swali moja husahaulika hadi jioni gari linapofika nyumbani: litalala wapi?

Katika nyumba za kupanga za Majengo na Nyasubi mjini Kahama, Ngokolo na Kambarage mjini Shinyanga, au Nyankumbu mjini Geita, uwanja mmoja hutumiwa na familia tatu, nne au zaidi. Hapo uani ndipo akina mama wanapopikia, nguo zinapoanikwa na watoto wanapocheza. Gari likiingia, lazima kitu kimoja kihame. Mara nyingi wanaohama ni watoto, na wanahamia barabarani.

Wapo waliolazimisha swali hili liulizwe mapema. Magari mengi yanayoonekana Kanda ya Ziwa, kuanzia IST na Noah hadi Fuso za mizigo, yalitumika Japani kabla ya kufika hapa. Huko, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 1962, mwenye gari anatakiwa awe na nafasi ya kuliegesha nje ya barabara, isiyozidi kilomita 2 kutoka anapoishi. Polisi huthibitisha nafasi hiyo na kumpa hati, isipokuwa kwa magari madogo sana katika baadhi ya maeneo. Kuacha gari barabarani usiku kwa zaidi ya saa 8 ni kosa. Jijini London utaratibu ni mwingine. Halmashauri za mitaa humuuzia mkazi kibali cha kuegesha karibu na kwake, lakini kibali hicho hakimhakikishii kwamba atakuta nafasi.

Mitaa yetu ya makazi haina vibali vya namna hiyo. Ushuru wa maegesho unaofahamika ni ule wa katikati ya mji, unaolipwa kwa namba ya malipo ya serikali. Hapa mzazi akumbuke jambo moja: malipo ya serikali yana namba hiyo na yana risiti. Anayepita nyumba kwa nyumba akidai fedha taslimu za "kulaza gari mtaani" aulizwe sheria ndogo gani inamruhusu. Sheria ndogo hutungwa na halmashauri. Mtaa hauwezi kujitungia ushuru wake.

Kukosekana kwa vibali hakumaanishi kwamba kila mtu aegeshe anapotaka. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, inakataza kuacha chombo mahali kinapozuia njia au kuhatarisha wengine. Kwenye barabara kuu, kama ile inayopita Tinde na Kahama, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati. Anayefanya eneo hilo gereji au uwanja wa kulaza lori hana haki nalo, hata kama amelitumia miaka kumi bila kusumbuliwa.

Tatizo kubwa zaidi liko kwenye vichochoro. Mitaa mingi ilijengwa kabla haijapimwa, kila mtu akijenga alipopata, na njia iliyobaki inatosha gari moja tu. Lori moja likilala hapo, nyumba zote za nyuma zimefungwa mpaka asubuhi.

Wazazi wa Shinyanga wanajua maana ya njia kufungwa. Mkoa huu ulikuwa miongoni mwa maeneo ya mwanzo kuujaribu mfumo wa m-mama, kabla haujazinduliwa kitaifa Aprili 2022. Mjamzito, mama aliyejifungua au mtoto mchanga akipata dharura, namba 115 hupigwa bila malipo. Gari la wagonjwa likikosekana, huitwa dereva wa kawaida aliyesajiliwa katika jamii, naye hulipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Mpango huo unategemea mambo mawili: dereva apatikane, na gari lake lifike mlangoni. Mama anayevuja damu hawezi kusubiri mwenye Fuso atafutwe kwenye nyumba asiyojulikana. Zimamoto nao, wanaoitwa kwa namba 114, hawawezi kuruka juu ya lori.

Hata hivyo, dereva wa lori naye ni baba wa watu. Kahama iko kwenye njia ya mizigo inayokwenda Rwanda, Burundi na Kongo, na Isaka kuna bandari kavu. Mtu aliyekaa barabarani wiki mbili akipata usiku mmoja wa kulala karibu na watoto wake, hawezi kufurahia kuambiwa aliache lori mbali na mzigo wa watu uko juu. Likiibiwa tairi au mafuta, yeye ndiye anayekatwa. Kwa hiyo, anayekwenda kumkabili kwa makelele, tena mbele ya watoto wake, atarudi na ugomvi.

Inafaa kwenda mchana, kabla hakujatokea lolote, na mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili. Maneno yenyewe yanaweza kuwa haya: "Mwadila, baba. Tunashukuru umerudi salama. Tuna binti mjamzito kule nyuma, na siku zake zimekaribia. Gari likilala pale kwenye kona, hatuna pa kumpitishia. Tunaomba tutafute pamoja mahali pengine." Mara nyingi jibu litakuwa, "Sawa, mayu, lakini pale pengine nani atalinda?" Hilo ndilo swali la kujadili. Nyumba sita zikichangia mlinzi wa uwanja mmoja wa wazi, kila moja hutoa kidogo kuliko gharama ya kesi. Wasipoelewana, hatua inayofuata ni mwenyekiti wa mtaa, kisha mkutano wa mtaa, ambako jambo linaandikwa kwenye muhtasari na kupelekwa kata na halmashauri. Polisi wa usalama barabarani waitwe pale ambapo njia imezibwa na mwenye chombo amekataa kuondoa.

Ndani ya uzio kuna hatari nyingine, na hii haina mwenyekiti wa kuiamulia. Mtoto wa miaka miwili aliyesimama nyuma ya gari haonekani kwenye kioo. Anasikia injini, anajua baba anaondoka, anakimbia kumuaga. Kanuni ya kufuata ni ngumu kusahau ikizoeleka: kabla ya kuwasha, dereva azunguke gari lote kwa miguu na kuangalia uvunguni, na mtu mzima mwingine awe amewashika watoto mkononi, mahali ambapo dereva anawaona. Kusema "watoto wako ndani" hakutoshi, maana mtoto hufungua mlango. Kama nafasi inaruhusu, gari liingizwe kinyumenyume jioni watoto wakiwa wamekusanywa, ili asubuhi litoke kwa mbele.

Gari lililosimama nalo si kitanda wala chumba cha michezo. Kwenye jua la Shinyanga, joto ndani ya gari lililofungwa linaweza kupanda kwa nyuzi 10 hivi ndani ya dakika 10, na mwili wa mtoto hupata joto haraka kuliko wa mtu mzima. Anayeshuka "mara moja tu" dukani ashuke na mtoto. Gari bovu lililoachwa uani kwa miezi linavutia watoto zaidi, kwa hiyo milango yake ifungwe kwa ufunguo na buti isiachwe wazi.

Kwa familia nyingi za Katoro, Geita na Kahama, chombo chenyewe ni pikipiki, na pa kulaza ni sebuleni au chumbani. Sababu inaeleweka. Bodaboda ya mkataba ikiibiwa, tajiri bado anadai hesabu yake na chakula cha watoto kimeondoka. Lakini tangi lina petroli, na mvuke wa petroli hushika moto kwa cheche ndogo. Chumba chenye pikipiki kisiwe na mshumaa, kibatari, jiko la mkaa wala jiko la gesi linalowaka, na pikipiki isizibe mlango ambao watu wangekimbilia. Injini isiwashwe ndani hata kwa dakika moja, kwa sababu moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu inayoua watu wakiwa wamelala. Chupa za petroli ya akiba zisiwekwe ndani kabisa. Penye uwezekano, mnyororo na kufuli kwenye nguzo ya zege uani, chini ya taa, ni bora kuliko pikipiki miguuni pa kitanda cha mtoto.

Waliojenga maisha juu ya dhahabu wana la kuongeza. Gari au pikipiki iliyotoka kwenye karasha au mwaloni imebeba vumbi na matope, na pengine zebaki. Zebaki hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye bado tumboni. Chombo hicho kioshwe mbali na kisima na mbali na mahali watoto wanapocheza, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.

Yabaki mambo ya karatasi. Mpangaji mwenye chombo aulize kabla ya kulipa kodi ya miezi sita, naye baba mwenye nyumba aandike kwenye mkataba: nafasi ya gari ipo au haipo, ni ya nani, geti linafungwa saa ngapi na mlinzi analipwa na nani. Neno la mdomo la "tutaona" ndilo linalozaa ugomvi mpangaji wa tatu anaponunua Noah. Familia pia isome bima yake. Bima ndogo hulipa madhara waliyopata watu wengine. Gari likiibiwa usiku nje ya geti, mwenye bima hiyo halipwi. Bima kubwa ndiyo inayohusika na wizi, na mwenye gari asome masharti yake kuhusu mahali gari linapolala.

Kabla fedha hazijatoka mkononi, baba na mama wakae jioni moja na kutembea kutoka barabarani hadi mlangoni, wakipima njia kwa hatua. Waone gari litapita wapi, litageuka wapi na litasimama wapi, na jirani wa nyuma atatokea wapi kukiwa na mgonjwa usiku. Wakikuta hakuna nafasi, watafute kwanza uwanja wa kulipia na kujumlisha gharama yake ya mwezi kwenye bei ya gari. Ikiwa hesabu hiyo haitoshi, kununua kusubiri hadi nafasi ipatikane.