Mwenye Kufunua Daftari Lake

Mtu atoapo mali yake kwa ajili ya wagonjwa asiowajua, kisha akasikia kuwa sehemu yake imeibwa njiani, hukasirika, na ana haki ya kukasirika. Lakini hasira hiyo mara nyingi humwangukia asiyestahili. Mwezi huu twapenda kuwasimulieni habari moja ya kweli, ili vijana wetu, ambao wana haraka ya kuhukumu, waipime wenyewe.

Mwaka 2002 ulianzishwa mjini Geneva Mfuko wa Dunia wa kupambana na Ukimwi, Kifua Kikuu na Malaria. Fedha zake nyingi hutoka katika hazina za serikali za nchi tajiri, yaani katika kodi za raia wao, na nyingine hutolewa na matajiri na makampuni. Mfuko huu hauna zahanati wala daktari. Huwapa fedha wizara na vyama vya kila nchi, nao ndio wafanyao kazi. Vyandarua vingi vilivyogawiwa Tanzania, Kenya na Uganda, na dawa nyingi za kurefusha maisha wanazomeza jamaa na majirani zetu, vimepatikana kwa fedha hizo. Basi asidhani mtu kuwa twasimulia habari za watu wa mbali.

Mfuko ule ulijiwekea mkaguzi mkuu, ukampa ruhusa ya kupekua kila kitabu, na ripoti zake zikatangazwa kwa kila atakaye kuzisoma, jambo lililokuwa nadra zama zile. Wakaguzi wakaenda Mali, Mauritania, Djibouti na Zambia. Waliyoyakuta hayatamshangaza yeyote aliyepata kuhudhuria semina. Huko Mali palikuwa na hati za madai za uongo juu ya mafunzo, na sahihi za kughushi katika karatasi za posho, nauli na malazi. Mauritania, yapata theluthi mbili ya fedha zilizotumiwa katika mradi mmoja wa Ukimwi zilitumiwa isivyopasa. Zambia, zaidi ya dola milioni 3 hazikuwa na karatasi ya kueleza zilikokwenda. Ilipojumlishwa iliyokwisha kuonekana, ikawa dola milioni 34. Desemba 2010 Mfuko ukasimamisha misaada ya Mali, na serikali ya huko ikawakamata watu kadhaa.

Januari 2011 shirika la habari la Associated Press likazikusanya ripoti hizo, na habari ikaenea duniani kwa sauti ya kashfa. Angalieni vema: hakuna aliyevunja kabati usiku ili kuzipata. Hesabu zile zilitoka katika ripoti za Mfuko wenyewe. Hata hivyo Ujerumani ikazuia fedha zake, na Sweden ikawa imezuia zake pia.

Hatusemi kuwa dola milioni 34 ni kitu kidogo. Ukizigawa katika zaidi ya dola bilioni 10 zilizokwisha kutolewa, ni chini ya senti 35 katika kila dola 100. Lakini wakaguzi walikuwa wamepekua sehemu tu ya fedha hizo, na anayetaja hoja hiyo ana haki. Sisi twauliza jambo jingine. Mashirika mengine yaliyokuwa yakifanya kazi katika nchi zile zile, pengine kwa mikono ya makarani wale wale, yalipoteza kiasi gani? Watu hawakujua, kwa kuwa hawakuambiwa. Hata UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, ilianza kutangaza hadharani ripoti za wakaguzi wake wa ndani mwishoni mwa mwaka 2012. Kwa hiyo aliyefungua daftari akaitwa mwizi, na aliyelifunga akabaki na jina la mwaminifu.

Mzazi amchapaye mtoto aliyekuja mwenyewe kusema amevunja bakuli, mara ya pili atavikuta vigae uvunguni mwa kitanda.

Novemba 2011, katika mkutano wa Accra, baraza la Mfuko likafuta awamu nzima ya misaada mipya. Kashfa haikuwa sababu pekee: nchi tajiri zilikuwa katika dhiki ya fedha tangu mwaka 2008, na ahadi nyingi zilichelewa kulipwa. Lakini aliyetafuta udhuru aliupata. Waliokwisha kuanza matibabu walitengewa fungu la kuwaendeleza. Nchi zilizokuwa zikitayarisha maombi ya kuwafikia wagonjwa wengine zikaambiwa zingoje. Aliyeghushi sahihi za posho hakuwamo katika foleni hiyo.

Wala Mfuko haukuwa bila lawama. Kamati iliyoongozwa na Festus Mogae, aliyekuwa rais wa Botswana, na Michael Leavitt, aliyekuwa waziri wa afya wa Marekani, ilisema Septemba 2011 kuwa mambo yalikuwa yakiendeshwa kwa mtindo wa dharura, na kwamba hatari ipimwe kabla fedha hazijatoka. Hilo ni neno la haki. Kumkamata mwizi baada ya sanduku kuwa tupu ni nusu ya kazi, tena nusu ndogo.

Kwetu Waislamu kuhesabiana si desturi ya kuazima Geneva. Mtume (s.a.w.) alimtuma Ibn al-Lutbiyya kukusanya sadaka za Banu Sulaym, naye aliporudi alimhesabia, na alipodai kuwa baadhi ya vitu alipewa yeye zawadi, Mtume alisimama akalieleza jambo hilo mbele ya watu. Hakulificha kwa kuogopa kwamba watoaji sadaka watavunjika moyo.

Ramadhani huja na wakusanyaji wengi: wa visima, wa mayatima, wa hospitali za nchi zenye vita. Akibisha mtu mlangoni na kitabu cha risiti, mpeni kiti na maji, kisha mwambieni awaonyeshe hesabu ya mwaka uliopita, na mwulizeni ni kitu gani kilichopotea na kilifanywa nini baada ya kupotea. Akiwajibu kuwa katika nchi tatu na maghala kumi haikupotea hata senti moja, mwulizeni ni nani aliyekwenda kutazama.