Mvuke wa Olkaria: hoja tano na majibu yake

Mjadala wa umeme wa mvuke nchini Kenya ukifika kwa Wamaasai wa Olkaria, karibu na Naivasha, utetezi huwa ule ule. Nitaujibu hoja kwa hoja, bila kukana kwamba taifa linauhitaji umeme huo, ambao Olkaria imekuwa ikiuzalisha tangu mwaka 1981.

"Mvuke ni nishati safi, hauharibu mazingira."
Ukiulinganisha na dizeli, ni safi kweli. Lakini kisima huenda chini kilomita mbili au tatu, na mvuke hupanda na gesi ya salfa inayonuka kama mayai viza, pamoja na maji ya chumvi yaliyojaa madini. Maji hayo hupaswa kurudishwa ardhini. Yakiachwa bwawani bila uzio madhubuti, mbuzi mwenye kiu hayatofautishi na maji ya mvua. Ongeza ngurumo ya kisima kinapojaribiwa, na mabomba na barabara zinazokatiza malisho.

"Tathmini ilifanyika na leseni ikatolewa."
Leseni ndiyo mwanzo wa usimamizi, si mwisho wake. Chini ya Sheria ya Mazingira ya mwaka 1999, mradi hukaguliwa hata baada ya kuanza kazi. Ila ukaguzi wa kila mwaka hugharimiwa na mwenye mradi mwenyewe, na ripoti zake ni za kitaalamu, kwa Kiingereza. Anayetaka kupinga leseni mbele ya mahakama maalumu ya mazingira ana siku 60. Kwa mfugaji aliye mbali na ofisi na wakili, siku hizo huisha kabla hajajua kuna la kupinga.

"Wenyeji walishirikishwa."
Mwaka 2014 wakazi walipeleka malalamiko kwa Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, wafadhili wa Olkaria IV yenye megawati 140. Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia lilichunguza, na mwaka 2015 likaeleza kwamba benki haikufuata ipasavyo sera zake kuhusu jamii za asili na uhamishaji wa watu. Miongoni mwa kasoro ilikuwa mashauriano kufanyika bila Kimaa, lugha ya wakazi, kutumika vya kutosha. Kusaini daftari la mahudhurio si kukubali jambo usilolielewa.

"Walipewa nyumba bora kuliko walizokuwa nazo."
Kupisha Olkaria IV, kaya zipatazo 150 zilihamishiwa eneo liitwalo RAPland, lenye ukubwa wa takriban ekari 1,700. Nyumba ni imara, na shule ipo. Lakini sehemu ya ardhi hiyo ni makorongo na miteremko isiyofaa kwa mifugo, na walioishi kwa kuwauzia shanga watalii wa hifadhi ya Hell's Gate walijikuta mbali na wateja wao. Mali ya mfugaji haihesabiwi kwa mabati. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

"Wanaolalamika wanapinga maendeleo."
Madai yao yalihusu ardhi, nyumba, barabara na riziki. Hakuna hata moja hapo linalohitaji kisima kifungwe. Mwaka 2016 upatanishi ulizaa makubaliano kati ya wakazi na KenGen, kampuni ya umeme inayoendesha mradi huo, na mitambo ikaendelea kuzunguka.

Jambo linalopaswa kututia wasiwasi ni hili: aliyewasikiliza wakazi ni mkopeshaji wa nje, kwa sababu ana utaratibu wa kupokea malalamiko. Mradi utakaojengwa kwa fedha zisizo na utaratibu huo utawaachia wakazi taasisi za ndani peke yake. Kwa hiyo taasisi hizo ziimarishwe sasa: vipimo vya gesi na maji vitangazwe vijijini kwa Kimaa na Kiswahili, wakazi wawemo katika kamati ya ufuatiliaji, na hati miliki ya makazi mapya itolewe kabla familia ya kwanza haijahamishwa.