Miwani ya vita isifute jasho

Majeshi ya nchi tajiri siku hizi hufundisha askari kwa miwani ya kompyuta inayoonyesha vita vya bandia. Sipingi: risasi zinaokolewa, na kijana akikosea hafi.

Lakini mimi nilifunzwa mgambo hapa bonde la Kilombero kwa bunduki ya mti. Haikulia, ila matope, mbu na njaa vilikuwa vya kweli. Amin alipovamia Kagera mwaka 1978, mgambo nao walikwenda vitani.

Wanafunzi wangu kesho wataingia JKT Chita. Mashine iwafundishe shabaha. Kumbeba mwenzao aliyechoka wakafundishwe na matope. Wakuu wakinunua miwani, wasifute kwata.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Ifakara.