Anga la Sombetini na Haki ya Kuliona

Sanaa ya kupiga picha za nchi chini ya anga la usiku ina maadui wawili. Wa kwanza huidharau. Wa pili huipenda, lakini huihamisha mbali na watu. Wa kwanza husema kwamba mtu aachaye usingizi wake akasimama gizani na kamera, akizingoja nyota, ni mtu asiye na kazi. Wa pili husema kwamba picha hizo hazipatikani mjini, na mwenye kuzitaka sharti aende Serengeti au jangwani, mahali pasipo na taa wala paa. Maadui hawa hawajuani, lakini kazi yao ni moja: wamewafanya watu wa mjini waamini kwamba anga lililo juu ya vichwa vyao si mali yao. Imani hiyo ni batili, na Sombetini yatosha kuwa ushahidi.

Sombetini ni kata ya jiji la Arusha. Nyumba zake zimesongamana, na mapaa yake ni ya mabati. Aliye huko akitazama kaskazini-mashariki, mawingu yakiwa yameondoka, huuona Mlima Meru, wenye kimo cha mita 4,566, umesimama juu ya mabati hayo. Arusha iko nyuzi tatu na kitu kusini mwa ikweta, na kwa sababu hiyo mtu wa huko ana milki ambayo matajiri wa miji mikubwa hawana. Mkazi wa London hauoni Msalaba wa Kusini asipofunga safari ya mbali. Mkazi wa Sombetini, katika usiku mmoja wa mwezi wa Machi, aweza kuziona nyota za Dubu Mkubwa zikipanda upande wa Meru, kisha akageuka akauona Msalaba wa Kusini ukiinuka upande wa pili. Hakulipa kiingilio wala hakuomba ruhusa ya mtu.

Anayesema kwamba kutazama nyota ni kazi ya wavivu ama amesahau au hakufundishwa. Kilimia, kishada cha nyota chenye kubeba kulima katika jina lake, kilikuwa kalenda ya mkulima kabla ya kalenda ya karatasi. Wamasai walizisoma nyota hizo hizo ili wajue habari za mvua, A. C. Hollis aliliandika jambo hilo katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichotolewa mwaka 1905. Nahodha wa jahazi na mtazamaji wa mwezi mwandamo walilihitaji anga kama vile mwashi ahitajivyo uzi. Wala mapenzi hayo hayajafa. Tarehe 1 Septemba 2016 jua lilipopatwa likabaki mfano wa pete, watu walisafiri kutoka mbali mpaka Rujewa, mkoani Mbeya, kulitazama. Watu wa namna hii hawawezi kuambiwa kwamba nyota ni mchezo wa wageni.

Tena kazi yenyewe si ya mvivu. Dunia hujizungusha kwa nyuzi 15 kila saa, yaani nyuzi moja kila dakika nne. Kamera ikiachwa wazi muda mrefu, nyota hazitokei kama nukta bali kama mistari. Ndiyo maana wapiga picha wana kanuni yao: hugawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita, na jibu ni sekunde wanazoruhusiwa. Lenzi ya milimita 20 huwapa sekunde 25 tu. Katika muda huo mfupi tundu la lenzi sharti liwe pana, stendi ya miguu mitatu isitikisike, na nyota zilengwe kwa mkono, maana mashine ikiachiwa ilenge yenyewe hupotea gizani. Juu ya hayo yako mawingu ya Meru, uko umande juu ya kioo, na uko mwezi, ambao ukiwa mpevu huzifuta nyota, na ukiwa mchanga hutua mapema ukaziachia nafasi. Asiyejua hesabu ya mwezi hurudi nyumbani mikono mitupu. Basi kijana wa kamera ana haja ya elimu ile ile aliyokuwa nayo babu yake.

Ugumu huo umewaponza wengine wakatafuta njia ya mkato. Hulichukua anga lililopigwa picha mahali pengine wakalibandika juu ya mlima wa watu. Lakini uongo huu hufichuliwa na mahali penyewe. Kiini cha Njia Nyeupe, ile sehemu yake inayong'aa kuliko zote, hupita upande wa kusini wa anga la Arusha, na Meru uko kaskazini-mashariki mwa Sombetini. Picha isemwayo kuwa ya Sombetini, ikaonyesha kiini hicho kimekaa juu ya kilele cha Meru, ni shahidi wa uongo. Na shahidi wa uongo hamfai mwenye haki hata akivaa vizuri. Picha ya usiku ni ushahidi kwanza, na pambo baadaye.

Adui wa pili anastahili jibu refu zaidi, kwa kuwa nusu ya maneno yake ni kweli. Nyota za porini ni nyingi kuliko za mjini. Atlasi ya mwanga wa anga iliyotolewa mwaka 2016 ilionyesha kwamba zaidi ya watu 80 katika kila 100 duniani huishi chini ya anga lililochafuliwa na taa, na kwamba theluthi moja ya wanadamu hawawezi kuiona Njia Nyeupe mahali waishipo. Utafiti uliotolewa mwaka 2023, uliotegemea macho ya watazamaji wengi, hasa wa Ulaya na Marekani ya Kaskazini, ulikuta kwamba mwanga huo uliongezeka kwa karibu asilimia 10 kila mwaka kati ya 2011 na 2022. Lakini kuukimbia ugonjwa si kuutibu. Wapiga picha wote wakihamia porini, ni nani atakayeandika zimebaki nyota ngapi juu ya Meru? Picha moja kila mwaka, kutoka paa moja, katika mwezi mmoja, kwa sekunde zile zile, ni daftari la hesabu ambalo hakuna afisa wa mji awezaye kulikana. Daftari hilo haliandikwi Serengeti.

Hapo huinuka sauti ya tatu na kuuliza: je, watu wa Sombetini warudishwe gizani ili wachache wapige picha? Swali hili lina uzito. Mama atokaye sokoni usiku anahitaji taa njiani, na hakuna picha yenye thamani ya usalama wake. Lakini taa isiyofunikwa juu haimsaidii mama huyo. Sehemu ya nuru yake huenda mbinguni ambako hakuna mpita njia, na sehemu nyingine humpiga machoni asimwone aliyejificha kivulini. Taa yenye kifuniko, iliyoelekezwa chini, humwangazia njia na kuliacha anga. Taa nyeupe yenye buluu nyingi hutawanyika hewani kuliko ile ya manjano, na kwa hiyo hudhuru zaidi. Giza la anga na mwanga wa njia si wagombanao. Wagombanishi wao ni uzembe na ubadhirifu wa umeme.

Wala jambo hili si ndoto. Mji wa Flagstaff, Arizona, ulizipiga marufuku taa za matangazo zimulikazo juu mwaka 1958. Ufaransa iliagiza mwaka 2013 kwamba madirisha ya maduka yazimwe taa ifikapo saa saba usiku. Hifadhi ya NamibRand, Namibia, ilipata mwaka 2012 heshima ya kimataifa kwa kulilinda giza lake, ikawa ya kwanza Afrika. Jiji linaloishi kwa wageni wajao kutazama uumbaji halina sababu ya kuona haya kulinda sehemu ya uumbaji iliyo juu yake.

Thawabu ya mpiga picha huja polepole. Nuru ya Kilimia iingiayo katika lenzi yake usiku huu iliondoka huko yapata miaka 440 iliyopita, kabla Wareno hawajaanza kuijenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593. Imesafiri miaka yote hiyo bila kuzuiwa, kisha ikifika Sombetini inazuiwa na taa ya duka lililokwisha kufungwa. Mwenye duka akioneshwa picha hiyo, huenda akaizima. Asipoizima, picha ya mwaka ujao itamtaja tena, na wanafunzi wa Arusha wenye kamera, hata iliyo ndani ya simu, wana wajibu wa kuipiga.