Volkano Hai na Volkano Iliyolala: Tufundishe Ushahidi Kabla ya Majina

Miongoni mwa mada za Jiografia ambazo mwalimu mwanafunzi huzidhania nyepesi ni ile ya aina za volkano. Maelezo yake hutosha ubaoni kwa mistari mitatu: volkano hai ni ile inayolipuka mara kwa mara, volkano iliyolala ni ile iliyopata kulipuka zamani na yaweza kulipuka tena, volkano iliyokufa ni ile isiyotazamiwa kulipuka kamwe. Wanafunzi hunakili, hukariri, na siku ya mtihani hujibu barabara. Kwa maoni yetu, somo la namna hiyo bado halijafundishwa. Na kwa watoto wa Ilomba na sehemu nyingine za Mbeya, ambao wanaishi jirani na volkano, upungufu huo si jambo dogo.

Hebu tuanze na kile ambacho mtoto anakiona. Akiinua macho upande wa kaskazini, mtoto wa Ilomba huiona safu ya Loleza na Mlima Mbeya. Aghalabu akiulizwa atasema kuwa hizo ni volkano, kwa kuwa ni ndefu na zina vilele. Lakini milima hiyo si volkano hata kidogo. Ni miamba ya kale mno, iliyogeuzwa kwa joto na mkandamizo ndani ya ardhi, kisha ikainuliwa wakati nchi ilipopasuka na kufanya Bonde la Ufa. Volkano zenyewe ziko upande wa kusini-mashariki: Ngozi katika safu ya Uporoto, kisha Rungwe, na baada yake Kyejo. Ngozi imefunikwa na msitu, na katika shimo lake kuna ziwa lililotulia. Mgeni akiitazama hataona moto wala moshi. Basi fundisho la kwanza ni hili: umbo la mlima peke yake si ushahidi, na utulivu wake si ushahidi pia.

Ushahidi ni upi basi? Kwanza ni mawe. Katika kingo za barabara iendayo Tukuyu kutoka Uyole, udongo umepangika tabaka juu ya tabaka, na baadhi ya matabaka hayo ni majivu na mawe mepesi yenye vitundu vingi, ambayo mengine huelea yakitiwa majini. Mawe ya namna hiyo hurushwa na mlipuko. Wataalamu wamekadiria kwamba yapata miaka 4,000 iliyopita Rungwe ililipuka kwa nguvu kubwa na kumwaga mawe hayo juu ya eneo pana la nchi hii. Pili ni masimulizi. Kyejo ilitoa lava yapata mwaka 1800, na tarehe hiyo tumeipata kutokana na kumbukumbu za wenyeji, walizopokezana kutoka kizazi hadi kizazi. Tatu ni dalili za leo: chemchemi za maji moto, na hewa ya kaboni dayoksaidi itokayo ardhini katika wilaya ya Rungwe, ambayo huvunwa na kutumiwa viwandani. Mlima uliopoa kabisa hautoi dalili kama hizi.

Sasa linganisha na kilima cha Panda, magharibi ya mji wa Mbeya. Nacho ni mabaki ya volkano, lakini umri wake unazidi miaka milioni 100. Mvua na upepo vimekwisha kuuondoa mlima wenyewe, kikabaki kiini chake tu. Hapo neno "iliyokufa" lina haki yake. Mwanafunzi aliyeitazama Panda na Kyejo pamoja ataelewa tofauti ambayo mistari mitatu ya ubaoni haiwezi kumpa.

Watoto wa darasa la sita na la saba wameingia umri wa kuuliza, "Umejuaje?" Swali hilo si utovu wa adabu, ni njaa ya akili, na mwalimu hana budi kuilisha. Kwa hiyo twapendekeza kwamba majina yaje mwisho wa somo, si mwanzo. Mwalimu aandike kadi tano bila kutaja jina la mlima wala aina yake. Kadi ya kwanza iseme: mlima huu ulilipuka mwaka 1917, 1940, 1966, na tena 2007 hadi 2008. Ya pili: ulitoa lava yapata mwaka 1800. Ya tatu: ulilipuka vikali yapata miaka 4,000 iliyopita. Ya nne: umetulia kwa zaidi ya miaka milioni 100. Ya tano: una vilele vitatu, kimoja hutoa mvuke wenye harufu ya salfa, viwili vimepoa kabisa. Vikundi vipange kadi hizo kuanzia mlima ulio tayari zaidi kulipuka hadi ule usioweza, na kila kikundi kitoe sababu zake mbele ya wenzao. Baada ya mjadala ndipo mwalimu afichue kwamba hizo ni Ol Doinyo Lengai, Kyejo, Rungwe, Panda na Kilimanjaro. Wanafunzi watastaajabu kuona kwamba Kilimanjaro peke yake inabeba majibu mawili: Kibo imelala, Mawenzi na Shira zimekufa.

Kisha muda uonyeshwe kwa kamba uwanjani, mita moja ikiwa ni miaka 100. Maisha ya bibi mwenye miaka 70 hayafiki hata mita moja. Lava ya Kyejo iko mita mbili na robo kutoka mwanzo wa kamba. Mlipuko wa Rungwe uko mita 40, na mtoto aweza kwenda kwa miguu akaugusa. Lakini kamba ya kuifikia Panda ingezidi kilometa 1,000, yaani ingepita Dar es Salaam na kuingia baharini. Hakuna hotuba itakayoeleza neno "kulala" na neno "kufa" vizuri kuliko kamba hiyo.

Tunajua watakaotupinga. Watasema kwamba kipindi ni cha dakika 40, darasa limejaa, na mtihani hutaka jibu moja. Hoja hizi ni za kweli. Hata hivyo, kadi tano za karatasi na kamba ya katani havihitaji fedha, na mwanafunzi aliyetoa hoja hasahau upesi kama aliyenakili. Kuhusu mtihani, mwambieni mwanafunzi wazi kwamba kitabu kikiita Rungwe volkano iliyolala hakikukosea. Lakini aelewe pia kwamba wataalamu wengi huihesabu kuwa hai volkano yoyote iliyolipuka katika kipindi cha takriban miaka 10,000 iliyopita. Mpaka baina ya "hai" na "iliyolala" umewekwa na watu, nao mlima hauujui. Kwa sababu hiyo, katika mazoezi ya darasani toeni alama kwa sababu aliyoitoa mtoto, si kwa neno alilolitaja tu.

Jambo hili lina uzito kuliko alama. Mlima Pinatubo wa Ufilipino ulikuwa umetulia kwa karibu miaka 500 ulipolipuka mwaka 1991. Volkano ya Nabro nchini Eritrea haikuwa na mlipuko wowote katika kumbukumbu zilizoandikwa, hata ikalipuka mwaka 2011, watu wakafa na maelfu wakahama. Huko Goma, ambako Nyiragongo ilimwaga lava mwaka 1977, 2002 na 2021, watu wana neno "mazuku" kwa hewa nzito ya kaboni dayoksaidi ijikusanyayo mabondeni na kuua bila moto wala kelele. Mtoto aliyekariri kwamba volkano hai ni ile itoayo moshi hatajua kuwa hatari yaweza kuwapo pasipo moshi.

Hatusemi kwamba watoto watishwe. Hakuna sababu ya kumfanya mtoto wa Mbeya alale kwa hofu. Udongo uleule wa majivu ndio unaoistawisha migomba, viazi na chai ya Rungwe. Tunasema tu kwamba mtu anayeishi karibu na aliyelala hana budi kujua dalili za kuamka kwake: mitetemeko isiyo ya kawaida, chemchemi zinazobadilika joto, mimea inayokauka bila ukame. Ninyi mtakaokwenda kufundisha katika nyanda hizi, anzeni na jiwe la kingo za barabara na kumbukumbu za mzee wa kijiji. Majina matatu yatafuata yenyewe, na yakifika yatakuwa na maana.