Kwenda Accra kwa Kupitia Dubai

Miaka michache iliyopita nilialikwa kuwasilisha mada katika kongamano la wanataaluma jijini Accra. Kutoka Dar es Salaam hadi Accra, kwa mstari ulionyooka, ni takribani kilomita 4,600. Mimi nilisafiri zaidi ya kilomita 10,000. Nilielekea kaskazini hadi Dubai, nikasubiri huko usiku kucha, kisha nikarudishwa kusini magharibi nikilivuka bara lile lile nililolitoka. Si kwamba njia ya Afrika haikuwapo. Ilikuwapo, kwa kuunganisha Nairobi au Addis Ababa. Lakini kwa tarehe nilizopangiwa, tiketi ya kuzunguka ilikuwa nafuu kuliko tiketi ya kunyooka, na mhasibu wa chuo, ambaye hana ugomvi na jiografia, alichagua iliyo nafuu.

Jibu jepesi kwa kitendawili hiki ni kwamba nchi za Ghuba zina fedha za mafuta. Tunalipenda jibu hilo kwa sababu linatuondolea lawama. Hata hivyo, historia inatukumbusha jambo la aibu kidogo. Shirika la Emirates lilianza mwaka 1985 likiwa na ndege mbili za kukodi kutoka Pakistan. Kufikia mwaka huo, sisi Waafrika Mashariki tulikuwa tumekwisha kuwa na shirika letu la pamoja, East African Airways, lililoanzishwa mwaka 1946 na kufikia hatua ya kurusha ndege za jeti hadi London. Na tulikuwa tumekwisha kulizika. Lilikufa mwaka 1977, pamoja na Jumuiya iliyolilea, na kila nchi ikaondoka na bendera yake na ndege zake chache.

Ni kweli kwamba njia tulizorithi hazikuchorwa kwa ajili yetu. Katika miaka ya 1930, ndege za Waingereza zilizotua majini ziligusa Kisumu, Mombasa, Dar es Salaam na Lindi zikielekea Durban. Zilibeba barua na maofisa wa dola, si mfanyabiashara wa Mombasa aliyetaka kufika Lagos. Ramani ile iliunganisha kila koloni na mji mkuu wa mtawala, na ikaacha makoloni yakipeana migongo. Lakini mkoloni amekwisha kuondoka zaidi ya miaka 60. Ukuta uliobaki tunaupaka chokaa wenyewe.

Ukuta huo ni wa kisheria. Tangu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944, kila dola ina mamlaka kamili juu ya anga yake, na shirika la kigeni halitui kubeba abiria wala mizigo bila ruhusa. Kwa hiyo njia ya ndege, kabla ya kuwa jambo la rubani, ni jambo la ofisi: nani ameruhusiwa, mara ngapi kwa wiki, na kama anaweza kuchukua abiria katika nchi ya pili na kumpeleka nchi ya tatu. Viongozi wa Afrika waliafikiana kufungua milango hiyo kwa Uamuzi wa Yamoussoukro wa mwaka 1999. Mwaka 2018, jijini Addis Ababa, Umoja wa Afrika ukazindua Soko Moja la Usafiri wa Anga. Saini zipo. Utekelezaji ndio unaosuasua.

Ushahidi tunao nyumbani. Januari 2024, Tanzania ilitangaza kuzuia safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar es Salaam, ikijibu hatua ya Kenya kuinyima Air Tanzania haki ya kubeba mizigo kati ya Nairobi na nchi za tatu. Mgogoro ulimalizwa kabla zuio halijaanza kutumika, tukashangilia diplomasia. Hatukuuliza swali la msingi: kwa nini nchi mbili za Jumuiya moja zifikie kutishana ndipo zipeane haki ambayo wakuu wao walikwisha kuikubali katika bara zima? Wanaolipia mvutano wa namna hii ni watu wa mbali na meza za mazungumzo. Kwa miaka mingi minofu ya sangara wa Mwanza imepandishwa malori hadi Nairobi au Entebbe ili ipate ndege ya kuipeleka Ulaya.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Inasemwa kwamba tukifungua anga, mashirika yetu machanga yatamezwa na yaliyokomaa, hasa Ethiopian Airlines. Lakini ulinzi huu umetulinda na nini? Ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu zimeonyesha hasara za Air Tanzania mara kwa mara, na Kenya Airways imeokolewa kwa fedha za walipa kodi. Wahabeshi, ambao shirika lao ni mali ya serikali kama Air Tanzania, hawakukaa kusubiri. Mwaka 2010 walishirikiana na ASKY kufanya Lomé kuwa kituo chao cha Afrika Magharibi. Anayemezwa hapa si shirika. Ni abiria.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaonisoma watusaidie mambo mawili. Kwanza, mikataba ya usafiri wa anga kati ya nchi zetu iwekwe wazi, ili raia ajue ni mlango upi uliofungwa na nani aliyeufunga. Pili, tozo za viwanjani kwa safari za ndani ya Jumuiya zilinganishwe na za safari za ndani ya nchi. Hayo hayahitaji kununua ndege hata moja.

Nanyi wanafunzi na wanaharakati, ndege mpya inapopokewa uwanjani kwa ngoma na vigelegele, pigeni makofi, kisha ulizeni: imeruhusiwa kutua wapi, na mtu wa kipato cha kawaida atalipa kiasi gani kuipanda? Ndege isiyo na haki ya kutua kwa jirani ni pambo ghali.