Degedege Likija Usiku, Tusingoje Kukuche

Mama zetu, baba zetu, vijana wa Mugunga,

Mtoto amechemka tangu jioni. Usiku wa manane macho yanageuka, vidole vinajikunja ndani ya kiganja, taya linabana. Wengine nyumbani wanasema twende kituo cha afya. Wengine wanasema ni degedege tu, litapita, tungoje kukuche. Nawaomba tusingoje.

Huenda homa hiyo ni malaria, na malaria ikipanda kichwani, vimelea vyake hunasa katika vijishipa vyembamba vya damu vya ubongo. Ubongo una walinzi wake, seli za glia. Zilizo ndogo, mikroglia, hunyoosha vikono vyao usiku na mchana zikipapasa kila pembe. Zenye umbo la nyota, astrosaiti, husaidia kushikilia ukuta kati ya damu na ubongo. Seli hizi zikishtushwa na vimelea hivyo, humwaga kemikali za kuita msaada. Ni kazi njema, ila ikizidi, ukuta huvuja na ubongo huvimba, nalo fuvu ni mfupa mtupu, halitanuki. Ubongo husukumwa chini, kunakotawaliwa pumzi.

Utafiti wa Blantyre, Malawi, uliotolewa 2015, ulipiga picha bongo za watoto 168 wenye malaria hii. Walifariki 25, na 21 kati yao ubongo ulikuwa umeshavimba vibaya siku ya kupokelewa. Umeshavimba! Saa za nyumbani ndizo zinazotuponyoka.

Dawa ipo. Mwaka 2010 sindano ya atesuneti ilijaribiwa kwa watoto wa nchi 9 za Afrika, Kongo yetu ikiwemo, na vifo vikapungua kwa 22.5% kuliko kwa kwinini.

Basi mlaze mtoto ubavu. Usimtie kijiko mdomoni wala usimnyweshe chochote, hata dawa ya majani. Degedege likitulia, bado nendeni: huenda ni malaria, huenda ni homa ya uti wa mgongo, na kipimo ndicho kitakachosema. Akipewa atesuneti ya kuwekwa njia ya haja kubwa, hiyo ni ya kumfikisha hospitalini, safari haijaisha.

Najua usiku wetu una hofu yake, na mawe ya volkano hayana huruma kwa anayekimbia gizani. Kwa hiyo mama asiachwe peke yake. Wakubwa wa nyumba kumi, ulizaneni leo jioni: nani ana pikipiki, nani ana tochi, nani ataamka akigongewa mlango?